Moyo unakwenda mbio ukisimama na tena unaruka mapigo: mwongozo kamili wa kuishi nao

Naandika hii kwa sababu nishachoka kujibu swali moja kila wiki. Mtu ananambia "dada, mie maji nakunywa, chumvi nakula, mbona ndo kwanza nimezidi?" Namuuliza, ulihesabu mapigo ukiwa umelala? Hapana. Ulipigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo? Hapana. Sasa chumvi umeanza kula kwa cheti cha nani? Kimya.

Hilo ndo kosa lenyewe na tunalifanya wote, mie wa mwanzo. Tunakimbilia dawa kabla hatujajua moyo unafanya nini. Na sisi wenye mambo mawili kifua kimoja ndo tunaoumia zaidi, mana kinachosaidia huku kinaweza kuharibu kule.

Jambo la kwanza ni POTS. Ukisimama, damu inashuka miguuni na tumboni kama kwa kila mtu, ila kwako mishipa haibani inavotakiwa, basi moyo unaongeza mbio kufidia. Mapigo yanapanda 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama (vijana wa miaka 12 mpaka 19 ni 40), presha haiporomoki, na hali yenyewe iwe imeshaendelea miezi 3 au zaidi. Umeona? Presha haiporomoki. Kwa hiyo lile jina la "presha ya kushuka" tunalobandikwa mtaani mara nyingi silo.

Jambo la pili ni mapigo yasiyo na mpangilio. Hili linatokana na umeme wa moyo, linaweza kukukuta umelala, umekaa barazani, popote, halisubiri usimame. Ndani yake mna mambo mengi, mengine ya kukutisha tu na mengine yanayoweza kuleta kiharusi.

## Kabla hujaanza, soma hapa

Usifanye lolote katika haya nyumbani, nenda hospitali leo, ikiwa: umezimia huku umelala au umekaa, umezimia ukiwa unakimbia au unafanya kazi nzito, unazimia bila dalili yoyote, kifua kinauma, pumzi zinakatika, uso umepinda upande mmoja au mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, au kwenu kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana. Mjamzito naye aanze kwa daktari.

## Vitu vya kuwa navyo

Hakuna cha ghali hapa isipokuwa mashine ya presha, na hiyo mnaweza kununua watu wawili watatu mkachangia.

- Saa yenye sekunde, ya simu inatosha
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko (ya kifundo cha mkono inadanganya sana)
- Daftari na kalamu
- Chupa ya maji ya nusu lita, ikae kitandani
- Paketi za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wanaokorogewa wanaoharisha)
- Kijiko cha chai
- Matofali mawili ya inchi 6
- Mkaja (kitambaa cha kufunga tumbo), au kanga kuukuu isiyoteleza
- Kiti cha plastiki au kibao cha kukalia
- Mtu mzima mmoja wa kuwa nawe siku za kupima

Ile mashine ya kubana kidole, ya kupima oksijeni na mapigo, ukiwa nayo sawa, ila moyo ukiwa unaruka namba zake zinayumba, na ukiwa na piko kwenye kucha inaweza isisome vizuri. Mie niliwahi kukimbizwa hospitali siku ya pili ya harusi ya mdogo wangu kwa sababu ya kidole chenye piko. Tumefika, nesi akaweka kidole cha pili kisicho na piko, mzima kabisa.

## Hatua ya 1: Jifunze kusikiliza mkono wako

Hii watu wanairuka kwa sababu inaonekana ya kitoto. Usiiruke, mana hatua zote zinazofata zinasimama juu ya hii.

Weka vidole vitatu chini ya kitako cha dole gumba la mkono wa pili, usitumie dole gumba kupimia, lina mapigo yake lenyewe utajichanganya. Hesabu dakika nzima. Ile tabia ya kuhesabu sekunde 15 halafu unazidisha mara nne inafaa kwa mtu ambaye moyo wake hauruki, kwako wewe ukikosa mapigo mawili ndani ya sekunde 15 ushakosea manane.

Na usihesabu tu, sikiliza mwendo wake:

Unakwenda mbio lakini kwa hatua sawa, kama mtu mmoja anatwanga kinu na ana haraka. Umesimama? Basi huu unafanana na wa POTS. Ukilala unatulia wenyewe dakika chache.

Unakwenda sawa, halafu pigo moja linakosekana, halafu linakuja moja zito kama kifua kimepigwa ngumi kwa ndani. Hili ni pigo lililowahi na moyo ukapumzika kidogo kabla ya linalofata. Watu wengi wazima wanalo na mara nyingi halina madhara, ila liandikwe.

Hauna mpangilio kabisa, pigo zito, jepesi, jepesi, zito, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Huu unaweza kuwa ile wanayoiita AF, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Huu si wa kukaa nao nyumbani, mana damu inaweza kuganda mle ndani likatoka bonge likaenda kwenye ubongo.

Umewaka ghafla kama taa ukiwa umekaa zako, 150 au zaidi, na unazimika ghafla hivohivo. Huo mara nyingi ni umeme umepata njia ya mkato, nao una matibabu yake.

Umefaulu ukiona: umehesabu asubuhi na jioni kwa siku 7, na unaweza kumwambia mtu mwendo wa moyo wako bila kuangalia mashine.

## Hatua ya 2: Kipimo cha ukuta

Fanya asubuhi kabla ya chai na kabla ya kahawa. Kama unatumia dawa usiziache kwa ajili ya kipimo, andika tu umemeza nini na saa ngapi.

Lala chali dakika 10, usiongee, simu weka mbali. Pima mapigo na presha, andika. Halafu simama, visigino viwe mbali na ukuta kama sentimita 15, mabega yaegemee ukutani. Usitikise miguu, usikunje ngumi, usihame mguu huu na huu, mana misuli ya miguu ikibana inasukuma damu juu na kipimo kinaharibika. Pima dakika ya 1, ya 3, ya 5, ya 7 na ya 10. Yule mtu wako awe karibu, kiti kiwe karibu, na ukiona kiza au jasho baridi linatoka, kaa, kipimo kimeisha, andika umefika dakika ya ngapi. Kumaliza dakika 10 si mashindano.

Yangu ya asubuhi moja ilikuwa hivi: nimelala 72, presha 112 kwa 70. Dakika ya 1 mapigo 104. Ya 3, 112. Ya 5, 115. Ya 10, 118, presha 110 kwa 74. Miguu ilikuwa imekuwa ya zambarau mpaka kwenye kifundo, mume wangu akadhani rangi ya kanga imenihamia.

Sasa sikiliza hapa, hapa ndo wenzangu wenye mambo mawili wanapoanguka. Siku moyo ukiwa hauna mpangilio, usifanye kipimo hiki. POTS inahesabiwa moyo ukiwa kwenye mwendo wake wa kawaida. Ukipima wakati unaruka utapata 140 na utasema POTS imezidi, kumbe POTS haimo kabisa siku hiyo, ni kitu chengine. Na mashine ya presha nayo inababaika moyo ukiruka, siku hizo pima mara tatu mfululizo, pumzika dakika moja kati yake, andika zote tatu.

Presha ikianguka 20 au zaidi ile namba ya juu ulivosimama, hiyo si POTS, ni jambo jengine nalo linahitaji daktari.

Umefaulu ukiona: una asubuhi tatu za hesabu kwenye karatasi moja, si kwenye vipande vitatu vya bahasha.

## Hatua ya 3: Peleka hesabu kwa daktari, usipeleke hadithi

Nilizunguka miaka miwili. Hospitali moja niliambiwa ni wasiwasi, nyumbani nikaambiwa nina sheitani anataka uvumba na mavazi mekundu, kwa jirani nikaambiwa ni presha ya kushuka ninywe soda na chumvi. Siku niliyokwenda na karatasi nilimwambia daktari "sikuja kukwambia naumwa nini, nimekuja na hesabu." Akavua miwani akasoma mpaka chini. Dakika tano.

Pemba anzia hospitali iliyo karibu nawe, Wete, Chake au Abdulla Mzee Mkoani. Unguja rufaa ni Mnazi Mmoja. Wengine mtapelekwa Dar, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Vya kuomba, kwa adabu lakini uviombe: ECG, wingi wa damu, kipimo cha tezi la shingo, potasiamu na figo, sukari, na eko ya moyo. Kwa nini vyote hivi? Kwa sababu upungufu wa damu peke yake unaweza kukufanya moyo uende mbio ukisimama, na huku kwetu sababu za kupungua damu ziko nyingi, hedhi nzito, minyoo, kichocho. Ukiwa na historia ya kukojoa damu utotoni sema, usione haya. Tezi likizidi kazi linaleta moyo mbio na AF kwa pamoja, kwa hiyo unaweza kudhani una magonjwa mawili kumbe ni moja la shingoni. Eko, ile picha ya moyo, inaangalia valvu (milango ya damu ndani ya moyo), mana homa ya baridi yabisi inayoanza na koo la utotoni bado inaharibu valvu za watu wetu, na valvu iliyoharibika inaleta AF.

ECG ya siku moyo umetulia itatoka safi na utarudishwa nyumbani. Kwa hiyo moyo ukianza kuruka ndo wakati wa kwenda, wakati huohuo, si kesho yake ukishaoga. Ikishindikana ulizia holta, ile mashine unafungwa saa 24 au zaidi unakwenda nayo nyumbani. Karatasi ya ECG omba nakala, ipige picha, weka kwenye simu, mana wino wake unafutika kwa joto.

Umefaulu ukiona: unatoka na majibu mawili tofauti. La kwanza, ninayo POTS au sinayo. La pili, mapigo yangu yanayoruka ni ya aina gani. Ukitoka na jibu moja rudi.

## Hatua ya 4: Maji, na chumvi kama umeruhusiwa

Nimeiweka ya nne kwa makusudi.

Maji ni lita 2 mpaka 3 kwa siku, uyagawe, si kugugumia lita nzima saa kumi jioni ukikumbuka. Nusu lita ya kwanza kabla hujainuka kitandani, tutaifikia.

Chumvi sasa. Mtu wa kawaida anaambiwa asizidishe gramu 5 kwa siku. Wenye POTS madaktari wanaweza kuwapandisha mpaka kama gramu 10, chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye mchuzi. Lakini ukiwa na presha ya kupanda, figo, moyo uliotanuka au uliochoka, valvu mbovu, au miguu inavimba, chumvi inaweza kukujaza maji mapafuni. Na wenye mapigo yasiyo na mpangilio wengi wana kimojawapo katika hivi. Kwa hiyo muulize daktari swali hili kama lilivyo: "gramu ngapi za chumvi kwa siku?" Akisema "ongeza kidogo" muulize tena gramu ngapi.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5 hadi 6. Paketi ya ORS ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi, na hiyo ndo njia ninayoipenda mie, mana sukari yake inasaidia chumvi na maji kuingia mwilini, haikai tumboni ikakutapisha. Koroga kwenye lita moja kamili, usipunguze maji ili iwe kali. Kingine ni achari ya ndimu, ng'onda, papa mkavu, kipande kidogo na wali. Chumvi chukua yenye madini joto. Kubwia chumvi kavu kiganjani utatapika, na ukitapika umepoteza zaidi ya ulichoingiza.

Na madafu jamani. Kila mtu atakwambia kunywa madafu. Dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa kiu ni zuri sana, kwa POTS halifanyi kazi ya ORS. Na ukiwa na figo au unameza baadhi ya dawa za moyo na presha, potasiamu ikizidi ndo inavuruga mapigo. Mie nilikuwa nakunywa madafu manne kwa siku nikijiona najitibu.

Umefaulu ukiona: mkojo umekuwa mweupe-mweupe, na kipimo cha ukuta baada ya wiki mbili kimepungua hata mapigo 10.

Simama hapohapo ukiona miguu inavimba, unakosa pumzi ukilala, au presha inafika 140 kwa 90. Rudi kwa daktari na daftari.

## Hatua ya 5: Namna ya kuinuka asubuhi

Asubuhi ndo saa mbaya kuliko zote, usiku kucha umekojoa hujanywa.

Kwanza kitanda. Weka matofali mawili chini ya miguu ya upande wa kichwani, tofali la inchi 6 ukililaza linakupa sentimita 15. Mwili ukilala umeinamia hivo figo zinabakisha maji zaidi usiku. Kuongeza mito haisaidii, unakunja shingo tu. Kitanda cha samadari kizito kitahitaji vijana wawili, na hakikisha tofali haliyumbi. Wiki ya kwanza utajikuta unateremka mpaka miguu inagusa ubao, utazoea.

Halafu utaratibu wenyewe:

1. Ukiamka usiinuke. Geuka ubavu, kunywa nusu lita yote ndani ya dakika chache. Subiri dakika 10 mpaka 15. Maji yanayonywewa haraka yanaipa mishipa amri ya kubana, ndo maana tunasubiri.
2. Umelala hapohapo, pandisha na shusha vidole vya miguu mara 30.
3. Funga mkaja (hatua ya 6) kabla hujakaa.
4. Kaa ukingoni, miguu chini, dakika 2. Pima mapigo. Yakiwa hayana mpangilio rudi ulale ufate hatua ya 10, leo si siku ya kukimbilia sokoni.
5. Simama umeshika kitu. Bana mapaja, kunja ngumi, hesabu mpaka 30 ndo utembee.

Adhana ya alfajiri ikikukuta bado kwenye namba moja usipanik, wakati upo mpaka jua kuchomoza. Kesho tega alamu mapema robo saa.

## Hatua ya 6: Mkaja

Soksi za kubana zinazofika kiunoni ndo wanazoandikiwa watu, na zinafaa, ila wakati wa kaskazi, Januari, joto lile, nani atazivaa? Mie nilizivaa siku mbili. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya damu inakaa tumboni, na kubana tumbo kunasaidia sana. Bibi zetu wanajua kufunga mkaja wa mzazi, basi ni uleule.

Funga ukiwa umelala, kuanzia chini ya kitovu kwenda juu, ubane kuliko nguo ya kawaida lakini uweze kuvuta pumzi ndefu na kula. Mchana tu, usiku vua. Mjamzito hapana. Chini ya buibui hakuna atakayejua, zaidi watakusifu umekonda.

## Hatua ya 7: Siku nzima, pale tunapoanguka hasa

Jikoni. Joto linafungua mishipa, mkaa unakupuliza, na umesimama. Kaa. Kukuna nazi juu ya mbuzi tayari unakaa, basi na kukata vitunguu kaa, kusonga kaa, kuosha vyombo kaa. Sahani kubwa ya pilau nayo inavuta damu tumboni, kula kidogo mara tano, utaona mwenyewe.

Bafuni na chooni. Maji ya baridi au vuguvugu, kaa kwenye kiti. Kuchuchumaa kwenyewe kunapandisha damu, unajiona mzima, halafu unasimama ghafla na ndipo watu wanapodondoka. Inuka kwa kuinama kwanza, shika ukuta, bana mapaja. Mlango usitie komeo.

Sala. Kutoka sijda kwenda kusimama ni safari ndefu kwa mtu wa POTS. Kaa kitako kidogo kabla ya kuinuka rakaa nyengine. Ukishindwa sali kwa kukaa, ruhusa ipo na inajulikana, wala huhitaji kumueleza kila mtu msikitini. Tarawehe mie nasali kwenye kiti. Ramadhani yenyewe ni suala la daktari kwanza halafu sheikh, mana saumu ni zaidi ya saa 12 bila maji, na kwa anayemeza dawa mara mbili au tatu ratiba inabadilika. Usijiamulie usiku wa kuandama mwezi, nenda Shaabani.

Safari. Kwenye foleni pishanisha miguu ubane mapaja, au pandia vidole mara kwa mara. Daladala omba kukaa, sema "sijiwezi", watu wetu watakupisha. Bandarini kaa chini mpaka mlango ufunguliwe. Na dawa za kichefuchefu cha boti muulize mfamasia kwanza, baadhi zinaongeza mbio za moyo na nyengine zinavuruga umeme wake.

Akina mama wa mwani: kusimama ndani ya maji kunasaidia kidogo kwa kuwa maji yanabana miguu, tatizo linakuja mkitoka na gunia kichwani juani. Asibebe yule mwenye shida hii, na asiende peke yake.

## Hatua ya 8: Mazoezi ya kulala

Usianze kwa kutembea Forodhani. Anza mkekani, umelala, nyanyua mguu mmoja mmoja, baiskeli ya hewani, dakika 5 mpaka 10, siku tatu kwa wiki. Kila wiki mbili ongeza dakika 5. Ulaya wanawapa mashine ya kupigia kasia sebuleni, nilicheka sana nilipoisikia hiyo, marehemu babu kapiga kasia Fundo mpaka Wete maisha yake yote. Lakini usiingie ngalawani wala kuogelea peke yako, kuzimia majini si kama kuzimia ukumbini.

Wiki tatu za mwanzo utajiona umezidi kuchoka. Ni kawaida. Matokeo yanahitaji kama miezi 3. Moyo ukianza kuruka katikati ya zoezi, acha, lala, hesabu, andika.

## Hatua ya 9: Dawa, na kwa nini usiazime

Sitaandika dozi. Naandika kwa nini dawa ya shoga yako isiwe yako.

Propranololi inaweza kutumika kwa mambo yote mawili, lakini mwenye pumu hapewi, na ukiizoea usiiache ghafla, moyo unarudi kwa hasira. Ivabradini inapunguza mbio za POTS, ila inafanya kazi mwendo ukiwa wa kawaida tu na inaongeza uwezekano wa AF. Fludrokotizoni inabakisha maji mwilini lakini inashusha potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo yanaruka. Ndo ile niliyosema mwanzo, huku dawa kule sumu.

Ukienda kutibiwa kitu chengine, malaria, kikohozi, fangasi, kutapika, sema mwanzo kabisa "nina moyo usio na mpangilio." Kwinini, azithromaisini, erithromaisini, flukonazoli, zote zinaweza kurefusha umeme wa moyo na mapigo yakavurugika.

Unayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: kula mchicha na kisamvu kwa kiasi kilekile kila wiki, usile kwa fujo leo halafu mwezi mzima huna. Nenda vipimo vya INR, vya kuona damu inachukua muda gani kuganda, bila kukosa. Na hili nalisema kwa herufi nzito, ukianguka ukagonga kichwa nenda hospitali hata kama hakuna jeraha, mana sisi ndo watu tunaoanguka na ndo haohao damu yetu imezuiwa kuganda.

## Hatua ya 10: Moyo ukianza kuruka sasa hivi

Lala chini popote ulipo, miguu juu ya kiti. Hesabu dakika nzima, sikiliza mwendo.

Ukitulia ndani ya dakika 5 hadi 10 za kulala, kunywa maji, andika, inuka kwa utaratibu ule wa asubuhi.

Kama daktari ameshakwambia una ile ya kuwaka ghafla na amekuruhusu: kaa, puliza bomba tupu la sindano la mililita 10 kwa nguvu sekunde 15 kama unataka kukisogeza kisukumio, halafu mara moja lala chali mtu akunyanyulie miguu sekunde 15. Hii isiwe ya kujaribu kwa kusikia tu.

Kama mwendo ni wa mvua juu ya bati na hujawahi kuambiwa una AF, au umelala na bado mapigo yamebaki juu ya 120 nusu saa nzima, au kuna dalili yoyote ya zile za mwanzo, tafuta gari. Angalia saa na uandike umeanza saa ngapi, hilo ndo swali la kwanza utakaloulizwa, mana matibabu ya AF iliyoanza leo na iliyoanza wiki iliyopita si sawa.

Karatasi moja iwe nyuma ya kitambulisho chako muda wote: POTS, aina ya mapigo yako, dawa na dozi, aleji, namba ya mtu wa nyumbani. Yangu nimeitia nailoni baada ya kulowa mara mbili kwenye boti.